Chakula Unakishushia Nini?

Nikianza kukueleza kazaliwa wapi na baba yake ni nani, atanikasirikia, na hasira zake nazijua. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa faili la mgonjwa likianza na ukoo, ujue daktari hana la kuandika. Basi nitamwita kama tulivyomwita sote, kuanzia mfagizi wa wodi hadi wakubwa wa wilaya: Bi Daktari. Pemba wamepita madaktari wanawake wengi na kila mmoja ana jina lake. Ukisema Bi Daktari bila ya jina, watu wanajua unamkusudia yule mpasuaji wa njia ya chakula.

Mimi nilikuwa muuguzi wake wa utafiti kwa miaka kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu maswali, kujaza fomu, kuandika vikaratasi vya miadi na kupokea makaripio. Hilo la mwisho halikuwemo kwenye mkataba, lakini ndilo lililochukua muda mwingi zaidi.

Alikuwa akiichunguza saratani ya umio. Umio ni ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watu wetu hawana haja na jina hilo, wao husema koo, wakaweka mkono kifuani. Zimo na saratani nyengine katika daftari lake, za tumbo na za utumbo mpana, lakini ya umio ndiyo iliyomkosesha raha. Huja polepole. Mwanzo muhogo unakuwa mzito kushuka, kisha wali, kisha uji, mwisho hata mate ya mtu mwenyewe hayapiti. Ikikamatwa wakati wa muhogo, kisu kinaweza kuiondoa. Na wagonjwa wetu, mmoja baada ya mmoja, walikuja wakiwa wameshafika kwenye uji. Alichoweza kuwafanyia ni kuwawekea kibomba cha wavu ili maziwa yapite, waondoke duniani bila ya njaa. Alikifanya hicho kwa heshima kubwa, kisha akaingia ofisini na kuvuta mtoto wa meza kwa kishindo.

"Nataka mtu mmoja," alikuwa akisema, na alisema karibu kila wiki. "Mmoja tu. Aje ilhali bado anakula."

Alikuwa mfupi. Katika chumba cha upasuaji alipanda juu ya kibao alichochongewa na seremala, na kibao hicho hakuna aliyethubutu kukikalia. Hati yake ya mkono ilikuwa balaa. Mwenyewe akirudi kuisoma siku ya pili alikuwa anakisia, ndiyo maana kila kitu niliandika mimi. Na alikuwa mlaji. Mwembamba vile, lakini sahani ya wali na pweza wa nazi ilikuwa haimpi tabu, na akimaliza anauliza kama kuna ukoko. Mtu mmoja katika wafanyakazi wenzetu alimtania kwamba kula kwake hakulingani na mwili. Alimjibu kuwa anayeshinda na watu wasioweza kumeza hachezei tonge. Tangu siku ile nikila naye nilikuwa simalizi haraka.

Tulikwenda Pujini kupima chai. Wataalamu wanashuku kuwa kunywa vitu vya moto mno, miaka nenda miaka rudi, kunaunguza umio na kuufungulia maradhi mlango. Bi Daktari alitaka kujua chai ya Pemba inanywewa ikiwa na moto gani, basi tukawa tunaingia nyumba kwa nyumba na kipimajoto, tunaomba kukitia kikombeni kabla mwenyewe hajapiga funda. Bibi mmoja alitutazama tukifanya hivyo, akamgeukia Bi Daktari.

"Kwani hino chai ina homa?"

"Ndo tunaitizama, Bi," alijibu bila ya kucheka.

"Ikiwa inayo, iacheni na homa yake. Chai ikipoa ni maji ya kukogea."

Tulikiandika kiasi kile cha moto kwenye fomu. Aibu ni kuwa Bi Daktari mwenyewe alikunywa chai ikitoka jikoni, inatoa moshi, akaivuta kwa sauti. Nilimwambia siku moja kuwa tukimtia yeye kwenye utafiti atatuharibia hesabu. Akasema, "Mwanangu, mie ni mtafiti. Nani kakwambia nna akili?" Sikuwahi kumwona akiiacha ipoe hata mara moja.

Vinyama tulivyovichukua kwa wagonjwa, vidogo kama punje ya mchele, vilikuwa vinakwenda kupimwa ng'ambo, bara, nami nilivisindikiza hadi bandarini Mkoani ndani ya sanduku. Safari ya kwanza alikuja mwenyewe. Mchukuzi alilitikisa lile sanduku, akauliza kama mna pweza.

"Mna amana za watu," alimwambia. "Ukiziangusha utaulizwa na Mungu. Mie sina haja ya kukuuliza."

Yule bwana alilibeba kwa mikono miwili mpaka ndani ya meli. Tangu hapo wachukuzi wa Mkoani wakiniona tu wananipasulia njia, "Pisheni, sanduku la amana hilo," na mimi napita mbele ya watu wenye magunia yao bila ya haya. Neno amana hakulitumia kwa mchezo. Kipande cha mwili wa mwanadamu kwetu huzikwa, na familia nyingi ziliogopa kuwa ndugu yao atazikwa pungufu. Wataalamu wengine wangelipuuza jambo hilo. Yeye alikaa na shehe wa msikiti wa karibu na hospitali, wakakubaliana, na kila kilichobaki kikirudi kilizikwa nyuma ya jengo kwa utaratibu, nami naandika tarehe. Baada ya hapo hakuna familia iliyotukatalia.

Nikisema alikuwa mpole nitasema uongo. Kwa mgonjwa alikuwa anavua viatu, anakaa chini kwenye mkeka, anasikiliza habari ya mbuzi aliyepotea na ya mkwe asiyesalimia, hata saa nzima. Kwetu sisi alikuwa moto. Lakini kuna neno moja sikumsikia akimwambia mgonjwa wala jamaa zake, neno "mmechelewa." Alituambia sisi. "Sie ndo tuliochelewa kuwauliza," alikuwa akisema, na mimi moyoni najitetea, kwa sababu kuuliza nilikuwa nauliza mimi, na nilikuwa nauliza vizuri.

Fomu yetu ilitoka kwa wakubwa wa utafiti, Kiswahili safi cha vitabuni. Swali la saba lilisema: "Je, unapata ugumu wowote katika kumeza?" Niliwauliza watu swali hilo kwa mamia, na karibu wote walinijibu hapana, alhamdulillahi. Nami natia alama kwenye hapana. Bi Daktari akiziangalia zile fomu anatikisa kichwa. Alikuwa na msemo wake kuwa mgonjwa hasemi uongo, anajibu ulichomuuliza. Niliuona ni msemo tu, kama misemo ya watu wazima wengine.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bila ya hilo nisingekuwa na la kuandika.

Alikuja mtu wa Gando, mkulima wa mikarafuu, mtu wa makamo mwenye sauti kubwa na mzaha mwingi. Shida yake ilikuwa kiungulia. Swali la saba akajibu hapana, kama wenziwe. Nikampangia kipimo cha mpira, ule wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi tumboni, siku ya Alkhamisi asubuhi. Kipimo hicho kinataka tumbo tupu, na kwenye kikaratasi nikamwandikia kwa hati yangu nzuri: "Uje ukiwa umefunga."

Alkhamisi akafika mapema, kanzu nyeupe, kofia ya viua, ananukia. Bi Daktari ameshavaa glavu.

"Umefunga, bwana?"

"Nimefunga, Bi Daktari. Na nia nimetia."

Hilo neno nia lilimshitua. "Mara ya mwisho kula ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi. Nlikula daku."

Kumbe bwana amefunga sunna ya Alkhamisi. Ameamka alfajiri, amekula daku kama Muislamu yeyote anayefunga, na amekuja kwetu na tumbo lililojaa. Na kosa lake liko wapi? Mwambie Mpemba aje amefunga, atafunga. Bi Daktari alivua glavu, akanigeukia mimi, na sitayaandika hapa yote aliyoniambia. Yule bwana alinionea huruma, akawa anatafuta la kunisaidia.

"Lakini sikula kingi, Bi Daktari. Nlikunywa uji, na kipande cha mkate nimekitowelea chai."

Bi Daktari alinyamaza katikati ya karipio. Akavuta kiti.

"Mtu wa Gando akala daku ya uji? Muhogo umekwisha shamba?"

"Upo. Ila muhogo siku hizi wataka maji. Kila tonge nalishushia na funda. Nikaona n'nakunywa kisima kizima, bora uji."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi hino ilopita."

"Huyu binti alikuuliza kama wapata tabu kumeza. Ukamwambia hupati."

"Sipati. Nikishushia na maji chenda."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekaa na mtu yule nusu saa nzima, nimemuuliza maswali arubaini na matatu, na yeye hakunificha kitu. Kwake yeye, kutoweza kumeza ni chakula kukataa. Chakula kinachoshuka kwa maji kimeshuka. Wangapi nimewatilia alama kwenye hapana, na kila mmoja ana kikombe cha maji pembeni? Bi Daktari hakunikaripia tena siku ile, na hilo liliniuma zaidi.

Kipimo alifanyiwa Jumamosi, baada ya kuelezwa mara tatu kuwa asile kitu tangu saa nne ya usiku. "Na daku?" aliuliza. "Na daku usile," nikamjibu, na nikaiandika. Kamera ilikionyesha: kidonda kidogo chini ya umio, upande mmoja tu. Majibu kutoka bara yalisema ni saratani, na haijapenya mbali. Mtu aliyekuwa akimngojea miaka yote amekuja, tena akiwa bado anakula.

Fomu aliibadilisha mwenyewe wiki ile ile. Swali la saba likawa mawili: "Jana ulikula nini?" na "Chakula unakishushia nini?" Alipoipeleka kwenye mkutano wa watafiti, Unguja, watu walicheka. Kwanza waliicheka lafudhi yake, maana Mpemba akifungua kinywa tu Unguja anajulikana, na yeye alikuwa haifichi. Nadhani mbele ya mabwana wakubwa alikuwa akiizidisha makusudi. Halafu wakalicheka neno. Mmoja alisimama akasema kushushia ni neno la mkahawani, mtu hushushia chapati kwa soda, halifai kwenye kazi ya kitaalamu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nawaka.

Bi Daktari alimwacha amalize. "Neno lenu la kitaalamu," alimwambia, "limenletea watu wa kuwazika. Hili la mkahawani limenletea mtu wa kumtibu. N'tabaki mkahawani." Kisha akaendelea na mchoro uliofuata. Swali likapita. Leo linaulizwa katika vituo vyote tunavyofanya navyo kazi, na likifika vijijini watu wanalijibu hata kabla hujamaliza kulisoma. Wamekuja wengine baada yake wakiwa bado kwenye wali. Najivunia kuwa nilikuwemo, hata kama nilivyokuwemo ni kwa kukosea.

Lakini nilitaka kusema habari ya kisu.

Watu wengi wanadhani mpasuaji anatafuta kupasua, na kwa Bi Daktari hawakukosea sana. Operesheni ya kuuondoa umio wenye maradhi na kulivuta tumbo juu kifuani lichukue nafasi yake, alikuwa anaijua kwa kuisoma na kwa kuifanya alipokuwa masomoni. Kisiwani hakuwahi kuifanya hata mara moja, kwa kuwa hakuwahi kupata mgonjwa wa kumfaa. Sasa amempata. Kibao chake kipo, timu ipo, na mwaka uliobaki kabla ya kustaafu ni mmoja. Na mgonjwa mwenyewe alimtaka yeye.

"Nikate weye, hapa hapa," alimwambia. Sote watatu tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, na mkewe mlangoni. "Ng'ambo sendi. Nikifa, nife karibu na kwetu."

Nilimtazama Bi Daktari. Nilijua anataka. Alikuwa amevikunja vidole, anavikunjua, kama afanyavyo kabla ya kuosha mikono.

"Kukukata naweza," alisema. "Kukulinda baada ya kukukata, hapa siwezi. Watakiwa ulalie mashine ya pumzi, na mtu wa kukutizama usiku na mchana, siku kadhaa. Sie hapa mashine tunayo moja, na leo kailalia mtoto. Nikikukata hapa, n'takuwa nimekukata kwa ajili yangu mie."

Yule bwana aligeukia mlangoni. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Atakwenda."

Alikwenda, na Bi Daktari alikwenda naye, meli moja, kiti kwa kiti. Kule aliyepasua ni daktari kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Kijana huyo alinihadithia baadaye kuwa alimtaka mwalimu wake asimame mbele yeye awe msaidizi, na mwalimu alikataa. Alisimama upande wa pili kwa masaa yote, ameshika vyuma vya kutanulia jeraha, na neno alilosema ni moja tu, "Taratibu hapo." Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje. Akaniambia miguu inamuuma na chakula cha kule hakina chumvi. Mwaka ukaisha, akastaafu, na ile operesheni kwetu hakuifanya.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa mwaka huu, Gando, harusini. Mtu wetu alikuwa anamuoza binti yake, na alituletea mwaliko sisi wawili kwa mkono wake. Nilimpitia Bi Daktari kwake tukaenda pamoja. Amepungua mwili na goti linamsumbua, lakini alikula biriani yake yote, nikacheka peke yangu.

Wanawake pale ukumbini walikuwa wanamnong'ona. Mwisho mmoja akasogea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ndo weye ulompasua bwana huyu. Mungu akuzidishie."

"Si mie," alisema Bi Daktari. "Kapasuliwa ng'ambo, na daktari mwengine."

Akaja wa pili na maneno yale yale, akajibu vile vile. Wa tatu pia. Mimi ilinichoma, nilimwambia kwa sauti ya chini aitikie tu, dua haikataliwi. "Dua naitaka," alinijibu. "Kazi ya mtu siitaki." Na usoni nikaona kitu ambacho kwa miaka kumi na mbili sikukiona. Alikuwa na huzuni. Mwanamke aliyekiweka chini kisu chake mwenyewe ili mtu apone, anakumbushwa mara tatu mchana mmoja, katika nyumba ya mtu huyo huyo.

Baba wa harusi alikuja hadi kwenye baraza ya upande wetu, akapiga hodi na kutuita nje tumsalimie. Amekonda, kanzu inamning'inia, na mkononi ana kisahani kidogo, kwa sababu sasa anakula kidogo kidogo mara sita kwa siku. Nyuma yetu wale wanawake wamejaa mlangoni. Mmoja, nadhani yule wa kwanza, akamwambia kwa kulalamika kuwa Bi Daktari anakataa kuwa ndiye aliyempasua.

"Kweli, si yeye," alisema.

Bi Daktari aliinamisha kichwa kukubali.

"Aliyenipasua mie simjui hata sura," akaendelea kwa ile sauti yake kubwa, harusi nzima inamsikia. "Nlikuwa nimelala. Saa hizi umpitishe hapo, simtambui. Yule kanikata pale alipoambiwa pana ugonjwa. Na pale pana ugonjwa, nani alojua? Mke wangu nalala naye, hakujua. Mie mwenye koo sikujua." Akamwelekezea Bi Daktari kile kisahani. "Huyu ndo aloniuliza n'lokula."